Aspeni ya Amerika Kaskazini: anza na kikonyo cha jani

Mwezi wa tisa na wa kumi, wenye ndugu Kanada au Marekani hapa Bukavu hutumiwa picha za miti myeupe yenye majani ya njano. Mara nyingi ni aspeni, ila gome jeupe pekee halitoshi kuamua, maana betula, mti mwingine wa huko, nayo ni nyeupe.

Mwambie aliyeko huko achume jani, ashike kikonyo kwa vidole viwili, ajaribu kukizungusha. Kikonyo cha aspeni, Populus tremuloides, kimebapa ubavuni, hakizunguki vizuri. Cha betula ni cha mviringo. Ubapa huo ndio unaofanya majani yatetemeke hata upepo ukiwa mdogo kabisa. Jani lenyewe ni la duara lenye ncha fupi, upana wa sentimita 3 hadi 8, na meno madogo ukingoni. Asichume la chipukizi: hayo huwa makubwa zaidi na hupotosha. Akiwa upande wa mashariki na meno ni makubwa, machache, huyo ni ndugu yake, Populus grandidentata.

Gome ni laini, jeupe lenye ukijani, na ungaunga wake hubaki mkononi. Halibanduki kama karatasi, tofauti na betula ya karatasi. Matawi yaliyoanguka huacha makovu meusi. Apige picha shina zima, kwa sababu mti mzee huwa na gome nene, jeusi, lenye mifereji upande wa chini; ukioneshwa hapo tu utasema ni mti mwingine.

Unaota kuanzia Alaska hadi milima ya Mexico. Kaskazini hushuka nyanda za chini. Utah na Colorado, majimbo ya magharibi mwa Marekani, hupatikana sana kati ya mita 2,000 na 3,000, kimo cha misitu yetu ya Kahuzi, ila kule kuna theluji. Unataka jua tele. Moto ukipita, aspeni hutangulia. Baadaye misonobari na jamaa zake hukua chini yake, huipita kimo na kuinyima mwanga.

Jambo linalonivutia kuliko yote liko ardhini. Kama mianzi ya Kahuzi-Biega, aspeni huchipuka kutoka chini, yenyewe kwenye mizizi, hivyo msitu mzima unaweza kuwa mti mmoja. Pando, msitu wa namna hiyo huko Utah, ina eneo la hekta 43 hivi na mashina yapatayo 47,000. Ukitaka kuona mipaka ya mti mmoja, tazama rangi: mashina yake hugeuka njano pamoja, ya jirani yakiwa bado kijani.

Kwa hiyo kuhesabu mashina makubwa hakuoneshi afya ya msitu. Tafuta machipukizi. Kulungu na ng'ombe wakiyala yote, wazee wanakufa bila warithi. Ndiyo sababu sehemu za Pando zimezungushiwa uzio. Na mtu asichonge jina kwenye gome: ni jembamba, lina uhai, na kuvu huingilia kwenye jeraha hilo na kuua shina.