Haikuwa nongo

Kila Ijumaa kabla ya sala nilikuwa namkalisha mwanangu wa pili kwenye kigoda uani, namsugua shingo kwa dodoki na limau. Ana miaka 11. Kanzu nyeupe, na juu yake mstari mweusi umemzunguka shingo mzima. "Hujui kukoga! Mtoto mkubwa, nongo zimekuganda!" Alikuwa akilia kimyakimya. Ijumaa moja ngozi ikachubuka, weusi ukabaki palepale. Najua hapa Unguja si mimi peke yangu ninayesugua, ndiyo maana naandika.

Nilimpeleka hospitali kwa kikohozi tu. Daktari akamwinamisha kichwa, akampapasa shingo, akamtazama na makwapani. "Dada, hii si taka. Ngozi imekuwa nene." Kitaalamu huitwa akanthosisi nigrikansi, na kwa mtoto mwenye uzito mkubwa mara nyingi ni ishara kwamba mwili umeanza kutoisikia insulini.

Sukari yake kabla ya kula ilikuwa milimoli 5.3 kwa lita, kiwango cha kawaida. Nikasema alhamdulillahi, hana kisukari. Kumbe kipimo kile hakikuwa kimemaliza maneno. Insulini hutoka kwenye kongosho, na kazi yake ni kupiga hodi kwenye misuli, ini na mafuta ili sukari iliyomo kwenye damu ikaribishwe ndani. Mafuta yakizidi, hasa ya tumboni na yale yaliyojipenyeza kwenye ini, hodi haisikiki. Basi kongosho hutuma insulini nyingine, na nyingine tena, wabisha hodi kumi mlangoni, mpaka wafunguliwe. Sukari inaingia, kipimo kinasoma vizuri, mama anarudi nyumbani ameridhika. Lakini wingi huo wa insulini huzichochea seli za ngozi zikue, ndio weusi wa shingoni. Hali ikiendelea miaka, kongosho likashindwa kumudu, hapo ndipo sukari hupanda. Na balehe inakaribia, ambayo kwa kila mtoto, awe mnene au mwembamba, hupunguza usikivu wa mwili kwa insulini.

Jioni ile nikachukua futi ya cherehani. Kiuno sentimita 84, urefu 146. Daktari alishasema kiuno kisifike nusu ya urefu.

Mama mkwe hakupenda. "Mwanangu, mtoto kanawiri, mashaallah. Unataka akonde watu waseme hatumlishi?" Amelea watoto saba kwa shida, na kwake unene ni riziki iliyoonekana. Sikubishana naye. Nilimwita mtoto, nikamwonesha ile shingo, nikamweleza habari ya hodi. Akanyamaza kitambo. Kisha akauliza, "Na kaimati za Ramadhani je?"

Kaimati zipo, zimepungua shira. Nililokataa ni kumtenga mtoto na sinia yake peke yake, kama mwenye kosa. Kilichobadilika ni chungu cha nyumba nzima: chai kutoka vijiko vinne vya sukari hadi kimoja, boflo kipande badala ya zima, samaki na mchicha zaidi, wali kidogo. Soda ya kila siku akitoka chuo cha Kurani tumeiacha kabisa. Kopo moja la kola la mililita 330 lina kama gramu 35 za sukari, na mimi ndiye niliyekuwa nikimpa hela.

Anarudi kwa miguu, halafu mpira mpaka karibu na Magharibi. Misuli ikifanya kazi huvuta sukari hata pale insulini haisikiki. Nyumba ina mlango wa uani pia. Hili ndilo lililonipa moyo kuliko yote, maana mpira anaupenda mwenyewe, halazimishwi.

Imepita miezi minne. Kiuno ni 81. Weusi bado upo, ila ngozi imelainika.

Ijumaa iliyopita nilimwambia, "Mwanangu, nisamehe. Ulikuwa ukikoga vizuri siku zote." Akanitazama, akauliza kama leo anaweza kukoga mwenyewe, na mlango afunge.