Chantilly: Watoto wa Malkia Waliofichwa Gizani

Nilipanda treni mara mbili hadi jumba la makumbusho la Chantilly, kaskazini mwa Paris, kuwatazama watoto wa Catherine de' Medici, malkia wa Ufaransa wa karne ya 16, waliochorwa kwa chaki. Mara ya kwanza niliambulia ukuta.

Kosa lilikuwa langu. Nilidhani picha ikiwa ya makumbusho basi iko ukutani siku zote. Picha ya chaki haikai hivyo. Karatasi ya mwaka 1552 hutolewa kwa miezi michache, chini ya mwanga hafifu usiozidi lux 50 (lux ni kipimo cha mwanga), kisha hurudishwa kabatini ipumzike, pengine kwa miaka. Chaki yenyewe haipauki, maana ni mawe. Kinachoungua ni karatasi, na hiyo ikishageuka manjano ngozi ya mtoto nayo imekwenda, kwa sababu mchoraji aliiacha karatasi tupu iwe ndiyo ngozi.

Kwa hiyo andika barua kwanza, uulize ni michoro ipi iko nje, uitaje kwa majina ya watoto. Jumanne usiende kabisa, jumba hufungwa. Kutoka Gare du Nord, Paris, treni ya TER huchukua kama dakika 25 hadi Chantilly-Gouvieux, na RER D, treni ya vitongoji, huchukua karibu mara mbili ya hapo. Kutoka stesheni ni nusu saa kwa miguu, kupita uwanja wa mbio za farasi. Mimi nilichukua teksi, nikakamuliwa. Kikombe cha kahawa chenye ile krimu iliyopewa jina la mji, kwenye mgahawa mmoja njiani, kilinigharimu bei ya chakula cha mchana.

Safari ya pili nikawakuta. Kila mtoto ana karatasi yake, urefu kama shubiri moja na nusu, kuanzia kifuani hadi kofiani. Rangi ni mbili tu: jiwe jeusi laini na ngeu. Ndiyo, ngeu ileile ambayo fundi seremala hupigia mstari kwenye ubao kabla ya kukata. Nyeusi imebeba kofia, nywele na mboni. Ngeu imewekwa kwa mistari myembamba ya mshazari shavuni, mdomoni na kwenye kope. Nguo zimekatizwa kwa mistari michache, kwani haraka ilikuwa usoni.

Na haraka hiyo ilikuwa na sababu. Watoto walilelewa mbali na mama, yeye akizunguka na mfalme. Mwaka 1552 aliagiza wanawe wote wachorwe, kwa chaki, ili kazi iishe upesi. Michoro ya mwaka huo huhesabiwa kuwa ya mchoraji Germain Le Mannier: François, Elisabeth, Claude na wengine, pamoja na Mary Stuart wa Scotland, mwenye miaka 9, aliyelelewa nao akisubiri kuolewa na François. Kwa mkono Le Mannier hafikii François Clouet, mchoraji wa mfalme. Vichwa vyake ni vikavu kidogo. Lakini mama hakuwa akitafuta urembo. Alitaka kujua nani amekonda, nani mashavu yamejaa. Mama wa Tanga anayefanya kazi za ndani Muscat, anayeomba picha ya mwanawe kila Ijumaa, angemwelewa mara moja. Catherine alizaa 10. Alipofariki Januari 1589 walikuwa hai wawili.

Picha zilimwendea mjukuu wake, Christine wa Lorraine, aliyeolewa Florence, Italia, mwaka huohuo, naye akaondoka nazo. Karne ya 18 zikanunuliwa huko na kuishia kwenye jumba la Castle Howard, Yorkshire, Uingereza. Mwaka 1889 Duke wa Aumale, mwana wa mfalme Louis-Philippe, akazinunua zikarudi Ufaransa. Jumba lake na vyote vilivyomo alivikabidhi kwa Institut de France, taasisi ya wasomi, kwa sharti kwamba kitu kisiazimishwe nje. Ndiyo maana haziji kwako. Wewe ndiye unayezifuata.

Nilipenda zaidi fremu kuliko nilivyotarajia. Chaki hushikilia karatasi kwa vumbi tu, hivyo kadi iliyokatwa dirisha huitenga na kioo. Plastiki ya akriliki haifai mbele yake: ukiisugua hujaa umeme tuli, nayo huvuta vumbi la chaki kutoka kwenye karatasi. Karatasi hushikizwa kwa juu tu, kwa vipande vya karatasi ya Kijapani na gundi ya wanga wa ngano, ili siku moja iweze kubanduliwa kwa maji. Ukibandika kote, unyevu ukipanda itajikunja.

Pwani kwetu picha ya ndugu waliopangwa kwa kimo, iliyopigwa studio, hubanwa moja kwa moja kwenye kioo na kutundikwa mkabala na dirisha. Masika mbili tatu, uso wa mdogo kabisa umegandia kiooni, na ukiivuta unabaki na karatasi nyeupe mkononi. Kipande cha kadi cha milimita 2 pembezoni kinatosha.