Naomba mumuache Babu awe mtoto

Juzi juzi usiku umeme ulikata, sio mgao, LUKU ndo iliisha, nilijisahau maana nilikuwa na uhakika zimebaki yuniti nne hivi zitatufikisha asubuhi. Mchele wa vitumbua upo kwenye beseni umelowa tangu mchana, blenda ipo tayari, giza. Nikawasha tochi ya simu nikawa naangalia salio kama linatosha kununua hata ya elfu mbili, mara nasikia stuli inaburuzwa sakafuni. Nageuka namkuta Babu kapanda juu ya stuli kasimamia vidole anasukuma komeo la juu la mlango, lile ambalo hata mi huwa naliacha kwa sababu limepinda na linagoma. Yupo na singlendi na bukta tu, jasho linamtoka. Nikamwambia shuka Babu utaanguka, unafanya nini? Hata hakugeuka. "Nafunga mama, si giza. Mi ndo mwanaume."

Ana miaka sita. Saba anatimiza mwezi wa kumi.

Babu ni jina la nyumbani, kamrithi marehemu baba yangu kwa hiyo huku kwetu hamna anayemuita jina lake la shule. Bibi yake anamuita mume wangu na huwa wanagombana kabisa nani ale firigisi, huo ni utani wao wa bibi na mjukuu na wanaufurahia wote wawili. Na mi pia namuita baba, njoo ule baba, nawa miguu baba, wamama wengi tunawaita hivyo watoto wetu wa kiume. Sizungumzii hayo.

Nazungumzia lile neno lingine. Tangu baba yake aondoke, mwaka wa pili huu, kila mgeni akija kwetu wakati wa kuaga anamshika kichwa anamwambia "haya, wewe ndo mwanaume wa nyumba hii sasa, umlinde mama". Kaka yangu kasema, fundi aliyekuja kutengeneza bomba kasema, muuza duka wa pale kona kila tukipita lazima aseme, na kwenye msiba wa mama mkubwa mwaka jana nadhani walimwambia watu kumi siku moja. Wanasema kwa upendo, najua, na mi nilikuwa natabasamu naitikia. Ila nyie mnaondoka, mtoto anabaki na lile neno. Analala nalo.

Nilianza kuona mabadiliko kidogo kidogo nikadhani anakua. Aliteleza shuleni akachunika goti, mwalimu akaniambia hakulia hata kidogo, mi nikajisifu moyoni kuwa mwanangu jasiri. Jioni namuogesha maji yanagusa kidonda naona kang'ata meno anatetemeka anatazama ukuta. Nikamwambia lia baba kama inauma, akatikisa kichwa. Halafu kuna siku muuza ashkrimu kapita na kengele yake, watoto wote wa nyumba hii wametoka mbio, nikampa mia yake nikamwambia kimbia. Akaishika, akaingia ndani, nikasikia koo! kwenye kibubu. Kaitumbukiza kwenye kibubu cha kodi. Nikamuuliza hutaki ashkrimu? Akasema "mi sitaki mama, mwenye nyumba anakuja mwezi ujao." Nilitoka nje nikajifanya natoa nguo kwenye kamba.

Hapo lazima niseme na la kwangu. Tunaishi Mbagala, chumba na sebule, kodi elfu themanini na mwenye nyumba anataka ya miezi sita kwa mpigo, kwa hiyo ukipiga hesabu ni laki nne na themanini inatakiwa itoke kwenye vitumbua vya mia mbili mbili. Naamka saa kumi alfajiri, saa kumi na mbili meza ipo barabarani, saa tatu nimemaliza kama siku ni nzuri. Shule ya msingi ya serikali ada hamna, nashukuru sana kwa hilo, lakini sare unanunua, madaftari unanunua, hela ya uji ipo, viatu vinaisha kila baada ya miezi kadhaa sijui anavikanyagaje. Na haya yote nilikuwa nayaongea na dada yangu kwenye simu usiku nikiamini mtoto kalala. Kitanda na kochi ni hatua nne. Kumbe alikuwa anasikia kila kitu, kodi imebakia ngapi, nani ananidai, baba yake katuma mwezi huu au kimya. Wale wageni walimpa cheo, mi nikampa ripoti ya kazi kila usiku.

Nilikumbuka kitu. Baba yake alipoacha kutoa matunzo nilienda ustawi wa jamii, dada mmoja mpole sana akanifungulia Sheria ya Mtoto ya 2009 akanisomea wajibu wa mzazi kwa mtoto: chakula, malazi, mavazi, matibabu pamoja na chanjo, elimu na maelekezo, uhuru, na haki ya kucheza na kupumzika. Mi siku ile nilienda kwa ajili ya chakula, kile cha mwisho kilipita tu masikioni, niliona kama nyongeza. Sa hivi ndo kinanirudia. Wameandika kucheza sehemu moja na chakula na dawa, orodha moja, na mi nilikuwa nahangaika na vile vingine nikijua hicho mtoto anajipatia mwenyewe huko nje. Mtoto mwenye wasiwasi wa kodi hachezi jamani. Anakaa pembeni anachunga ndala za wenzake.

Sisemi mtoto asifanye kazi, mi nimelelewa nachota maji na namtuma Babu dukani hiliki, anapanga vyombo, anafagia vumbi analihamisha upande mwingine. Hata usiku ule LUKU ilipopatikana yeye ndo aliyenisomea zile namba ishirini, mi nabonyeza kwenye mita yeye kashika simu, "saba... sifuri... mbili... hii ni tisa au sita mama?" na taa zilipowaka aliruka akapiga kelele kama kaziwasha yeye. Ile ni kazi inaisha, ukimaliza unaenda kucheza. Kunilinda mimi kunaisha saa ngapi?

Basi nikamkalisha kitandani nikamwambia mlango ni kazi ya mama, kodi ni kazi ya mama, mwizi akija mama atapiga kelele na majirani wote watatoka. Akauliza, na mi? Nikamwambia we ni mtoto wangu, kazi yako kusoma na kucheza. Alinitazama kwa muda kama haniamini hivi. Kibubu nimekihamishia kwa jirani yangu, simu na dada napiga mchana. Kaka nilimpigia nikamwambia naomba lile neno usimwambie tena mwanangu, akacheka kwanza, akaniambia nyie mnalea watoto mayai, nikamuelezea ya ashkrimu akanyamaza. Jumamosi kaja kamchukua kampeleka kwenye chandimu nyuma ya msikiti.

Karudi magharibi, vumbi mpaka kwenye kope, kidole cha mguu kimetoka damu, alivyoniona tu akaanza kulia kwa sauti, wamenionea mama, wamenikata goli langu, sio ofusaidi. Nikambeba vile vile na uchafu wake na urefu wake wote ule, nikakaa naye kwenye stuli mpaka alipomaliza. Wali tulikula umepoa.

Komeo fundi kalinyoosha elfu mbili, linaingia vizuri sasa. Ila usiku kabla hajalala bado ananiuliza kutoka kitandani.

"Mama umefunga?"

"Nimefunga baba."

"Na la juu?"

"Na la juu."

Anavuta shuka.