Siku moja maishani mwangu: fundi wa kompresa kiwandani

Saa 1 asubuhi. Naanza na daftari la zamu ya usiku la kompresa, mashine inayobana hewa ya kuendeshea mashine nyingine za kiwanda. Presha baa 7.2, sawa. Joto la oili nyuzi 92, wakati juzi lilikuwa 84. Kengele haijalia, lakini nyuzi 8 hazipandi bure.

Nafungua vali ya chini ya tangi la hewa, maji yanatoka na utando wa oili juu yake. Hewa ina mvuke siku zote. Ukiibana takriban mara nane halafu ikapoa, mvuke unageuka maji. Ipo vali ya kutoa maji yenyewe, ila huziba na uchafu, kwa hiyo siiamini.

Saa 2. Jibu la joto naliona mlangoni: mizigo imepangwa mbele ya matundu ya chumba, mashine inavuta hewa moto iliyoitema yenyewe. Zaidi ya asilimia 90 ya umeme unaoingia kwenye kompresa hugeuka joto, na joto hilo lazima litoke nje. Hewa moto ni nyepesi: mashine inavuta ujazo uleule lakini hewa yenyewe ni pungufu. Kila nyuzi 4 zinazoongezeka hapo hula karibu asilimia 1 ya umeme zaidi kwa kazi ileile. Mizigo inaondolewa. Radieta nayo imeganda vumbi lililolowa oili. Naipuliza kinyume na upepo wa feni.

Saa 4. Simu ya msimamizi wa uzalishaji. "Fundi, huku presha haitoshi, tupandishie kidogo."

"Nakuja kwanza, bosi."

Ombi hili nalisikia kila mara, na kupandisha ndiyo dawa ya bei mbaya kuliko zote. Baa 1 ya ziada ni takriban asilimia 7 ya umeme, na kila tundu linalovuja litavuja zaidi. Naenda na geji yangu. Kwenye mashine yake nasoma 5.4, yeye anahitaji 6. Baa 1.8 zimepotelea njiani! Napima kabla na baada ya filta ya bomba la hewa: filta peke yake inakula 0.9. Ndani, elementi (kichujio chenyewe) imekuwa nyeusi. Naweka mpya, nabadilisha na mpira mwembamba wa kupitisha hewa uliofungwa na mtu asiyejulikana (hajulikani kamwe). Sasa 6.5.

Saa 7 mchana. Mashine zote zimesimama kwa chakula, kompresa haina wa kumhudumia, lakini bado inaingia kazini. Nashika saa: sekunde 40 inajaza, 120 inapumzika. 40 kwa 160 ni robo ya uwezo wake inayovuja. Na hata ikipumzika, mota inazunguka na kula umeme. Sabuni na maji mkononi, nafuata mabomba. Viungio vya haraka ndivyo vinavyotoa povu zaidi. Tundu la milimita 3 kwa presha hii hupoteza lita kama 11 kila sekunde.

Saa 9:30, zamu zinapopokezana, napima tena: sekunde 25 inajaza, 180 inapumzika. Asilimia 12. Bado kuna bomba la juu linalohitaji ngazi.

Saa 10 namwandikia mwenzangu: joto 85, presha nimeishusha hadi 6.9, msimamizi anapata 6.2 na hajalalamika. Akiomba ipandishwe, apimiwe kwanza.