Siku moja maishani mwangu: kuitafuta sailensi iliyopotea

Saa 1 asubuhi. Gari lenye tatizo la sailensi, yaani kasi ya injini ikiunguruma bila kukanyagwa mafuta, namwomba mwenyewe aliache jioni lilale gereji, kwa sababu nataka kuliwasha mimi, injini ikiwa imepoa kabisa. Injini isiyo na tatizo ikiwaka baridi, mshale wa mizunguko ya injini kwa dakika hupanda kwenye 1,200 au 1,500, halafu hushuka pole pole kadiri maji yanavyopata moto, mpaka 700 hivi. Hili la leo limewaka na 1,900. Nimesubiri feni ya kupoza maji iwake na kuzima mara mbili, mshale umegoma kushuka chini ya 1,400.

Dada mwenye gari alinieleza jana kwamba mwanzoni lilikuwa linamzimikia kila akisimama kwenye taa. Akalipeleka mahali, wakampandishia sailensi. Kuzima kukaisha, lakini sasa akiweka D, gia ya kwenda mbele, gari linataka kuchomoka lenyewe, na mafuta hayakai.

Saa 2. Nimefungua bomba la hewa nikamulika throto, mlango wa hewa ya injini. Pembeni kuna skrubu ndogo inayozuia kipepeo, kile kisahani kinachofungua na kufunga hewa, kisikwame kikijifunga. Kiwandani huwa wameipaka rangi ili isiguswe. Rangi imebanduka, na kichwani mwa skrubu kuna makovu mapya ya bisibisi. Huwa naumia sana nikiona hivi. Kwenye gari la kompyuta ile si skrubu ya sailensi! Ukiikaza, kipepeo hakifungi, sensa ya throto inaiambia kompyuta kuwa dereva amekanyaga mafuta, nayo kompyuta inaacha kuisimamia sailensi.

Nimeirudisha taratibu huku nikiangalia kipimo cha sensa kwenye mita. Nimewasha: 500, injini inatetemeka, ikazima. Nikafurahi. Ugonjwa wenyewe umejitokeza, sasa unatafutika.

Saa 4. Nimechomeka mashine ya kupimia. Hakuna kosa lililorekodiwa, ila namba moja imenishtua: injini ikiwa sailensi, kompyuta inaongeza mafuta kwa asilimia 22. Nikikanyaga hadi 2,500, nyongeza inashuka hadi asilimia 5. Hapo nikajua kuna hewa inayoingia kwa mlango wa nyuma bila kupita kwenye sensa ya hewa. Throto ikiwa imefunga, hewa ya halali ni kidogo, kwa hiyo ile ya wizi inaonekana nyingi, ukikanyaga, inamezwa.

Kijana wangu wa mafunzo alitaka tupulizie dawa ya kusafishia kabureta. Nimemkataza, ekzosi ilikuwa ya moto na dawa ile inashika moto haraka. Tumetumia maji ya sabuni kwenye chupa ya kupulizia, kidogo kidogo, mbali na soketi za umeme. Gasketi ya manifoldi, bomba linaloigawia injini hewa, kimya. Mpira wa breki, kimya. Nilipofika kwenye mpira mfupi unaotoa mvuke wa injini na kuurudisha kwenye manifoldi, povu likanyonywa ndani, na mlio wa injini ukabadilika palepale.

Nimeuchomoa. Kwa juu unaonekana mzima. Ukiukunja, tumboni mwake panafunguka mpasuko wa urefu wa ukucha, kingo zake laini na nyeusi kwa oili. Jicho lisingeuona ukiwa mahali pake, kwa sababu umejificha chini ya kona.

Saa 7 mchana. Wakati mpira mpya unatafutwa, mzee mmoja kaleta gari la kabureta, linalochanganya mafuta na hewa bila kompyuta. Hapa kurekebisha sailensi kwa skrubu ni halali. Injini ipate moto kwanza, niweke sailensi, kisha nizungushe skrubu ya mchanganyiko mpaka mshale ufike juu kabisa, nirudi tena kwenye sailensi. Dakika kumi, kazi imekwisha.

Saa 8. Gari jingine, malalamiko yaleyale ya kutetemeka kwenye D. Mshale uko 700, umetulia kama maji ya mtungi. Kumbe mauntini ya injini, ile raba inayoishikilia, imekatika. Ningepandisha sailensi mtetemo ungepungua, na ningekuwa nimemdanganya mteja.

Saa 10. Mpira mpya umeingia. Nimesafisha na throto, maana ilikuwa na masizi. Baada ya hapo sailensi inaweza kupanda kidogo, kwa kuwa kompyuta ilishazoea uchafu. Lazima ijifunze upya. Nimeliacha liungurume bila AC wala taa, halafu nikawasha AC, halafu nikaweka D huku nimekanyaga breki. Nyongeza ya mafuta sasa ni asilimia 3.

Saa 12 jioni. Dada amefika, tumezunguka naye. Tumesimama mara sita, AC inafanya kazi, taa zinawaka, akakata usukani hadi mwisho. Mshale umezama kidogo, ukarudi 700. Nimemkabidhi ule mpira wa zamani. Ameukunja, akautazama ule mpasuko, akaukunja tena, kisha akauweka kwenye mfuko wa mlango.