Risiti ya asubuhi

Leo asubuhi, kwenye duka la mikate ninakofanya kazi hapa Rotterdam, nilimuuliza bibi mmoja kama anataka risiti: "Wilt u de bonnetje?" Akatabasamu, akasema taratibu, "Het bonnetje." Nikamshukuru, lakini neno likanikaa kichwani mchana kutwa. Kila nomino ya Kiholanzi ina kitangulizi chake, de au het, na risiti si ni "de bon"? Imekuwaje ikageuka?

Jioni kwenye tramu ndipo liliponifungukia. Kiholanzi kikitaka kukifanya kitu kiwe kidogo, au kukitaja kwa upole, hukitia -je mwishoni, na kila neno lenye -je hiyo huchukua het, hata kama asili yake ilikuwa de. De tas, mfuko, het tasje. De kop, kikombe; het kopje. Na sivyo tufanyavyo sisi? Mlima huu, kilima hiki. Neno likipunguzwa linahama ngeli, na yanayolifuata yanahama nalo. Wao husema "een kleine tas", mfuko mdogo, lakini "een klein tasje", kimfuko kidogo: ile -e inadondoka, kama vile "mrefu" ya mlima inavyokuwa "kirefu" kwa kilima. Miezi yote hii nimekuwa nikikariri de na het kama namba za simu, kumbe sehemu yake nilizaliwa nayo!

Kinachonigusa zaidi ni "het meisje", msichana. Husema "het meisje dat daar staat", msichana aliyesimama pale, na "dat", yaani "ambaye", ni ile ile ya vitu vya het kama nyumba na kitabu. Sentensi inayofuata ikianza, anakuwa "ze", yeye wa kike, mtu kamili. Nikamkumbuka "kijana" wetu: ana ki- mbele, lakini hakuna asemaye kijana kile kinakuja. Kwetu uhai unashinda umbo la neno papo hapo. Kwao unasubiri kidogo.

Maneno yasiyo na -je bado ni mzigo. Het huis, nyumba; de tafel, meza; het boek, kitabu; de brief, barua: hayo ni kuyameza tu, kila moja na chake.

Usiku nimempigia mama Tanga, nikamsimulia yote. Akasikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Na mkate, mwanangu?"

"Het brood, mama. Na ule mdogo, het broodje."

"Mkubwa het, mdogo het?"

"Ndiyo, mama."

"Basi uza mkate."