Kushuka na gunia la korosho, Tandahimba hadi gatini

Ukifanya kazi bohari unazoea kuuona mzigo ukiwa umeshafika. Karatasi zimebanwa pamoja, mihuri imegongwa, wewe unahesabu na kutia sahihi. Mambo ya mnyororo wa ugavi nilisomeshwa chuoni, ila unakoanzia mnyororo wenyewe sikuwahi kukuona. Likizo ilipoangukia mwezi wa kumi na moja, msimu wa korosho umeshika moto, nikapanda basi Mbagala kwenda kusini.

Njiani hapana mengi. Daraja la Mkapa, kisha Somanga, ambako mvua za Kimbunga Hidaya zilikata barabara Mei 2024 na magari ya Lindi na Mtwara yakakwama pande zote mbili. Pale Mnazi Mmoja njia inagawanyika, ya Masasi huku, ya Mtwara kule. Nililala Mtwara mjini, asubuhi nikadandia Hiace ya Tandahimba.

Kwenye ghala la chama cha msingi cha ushirika niliwakuta kina mama wameketi chini ya mkorosho wakichambua, mbovu na changa kando, safi kwenye turubai. Karani alikuwa na bambo mkononi. Alilichoma gunia ubavuni, korosho kadhaa zikamwagikia kiganjani mwake, akazigonganisha karibu na sikio. Zilizokauka sawasawa hulia kwa ukavu. Zikiwa na unyevu hulia kizito, na mkulima anarudishwa kwenda kuanika tena. Pale pale gunia linapewa daraja lake. Huko mbele wapo watakaopasua sampuli na kupima kiini, kwa sababu mnunuzi wa kimataifa anahesabu pauni za uzito wa kiini zinazopatikana katika kila kilo 80 za korosho ghafi. Lakini huyu wa bambo ndiye mlango wa kwanza, na gunia la hovyo likimpita hapa litakuja kukataliwa mbali, gharama ya kulibeba ikiwa imeshalipwa.

"Shikamoo mzee," nilimsalimu mkulima mmoja aliyekalia magunia yake.

"Marahaba mwanangu. Umetoka wapi?"

"Dar, mzee. Nimekuja kuona korosho inavyosafiri."

Akacheka. "Inavyosafiri? Hapa utaona inavyokaa. Tunangoja magunia, tukipata magunia tunangoja gari, gari likija tunangoja mnada, mnada ukipita tunangoja hela benki."

Mwalimu wangu wa chuo angetumia ubao mzima kueleza hilo. Kutoka shambani hadi bandarini ni safari ya saa chache tu kwa lori, lakini korosho hiyo hiyo inaweza kumaliza wiki kadhaa imesimama. Anayetaka kuharakisha mnyororo huu akianza na dereva amekosea pa kuanzia.

Hayo magunia yenyewe yana kisa chake. Mengi ni ya juti, yanaletwa kwa meli kutoka Asia, na lazima yaagizwe mikorosho haijazaa. Salfa, dawa ya mikorosho, ndiyo ina haraka zaidi. Ubwiri unga, ugonjwa wa ukungu, hushambulia maua, kwa hiyo dawa iwe mikononi mwa mkulima kabla ya maua kuanza kutoka, katikati ya mwaka. Ikifika maua yameshaungua, hata ukiigawa bure haisaidii. Anayeagiza anakadiria mavuno ya miezi mingi ijayo, na korosho haikadiriki kirahisi: msimu wa 2017/18 nchi ilivuna zaidi ya tani 300,000, msimu uliofuata mavuno yakashuka. Ukiagiza kwa kuangalia mwaka jana peke yake, mwaka huu unabaki na magunia ghalani, au mkulima anabaki na korosho sebuleni.

Na korosho ikikaa sebuleni, kangomba anabisha hodi. Huyu ni mlanguzi anayenunua kwa bakuli, kwa pesa taslimu, kwa bei ya chini, nje ya mfumo. Serikali inampiga vita kila msimu na kila msimu yupo. Kwa maoni yangu hatakwisha kwa doria. Mtoto anadaiwa sare ya shule leo, hela ya mnada itaingia siku zijazo; kangomba anauza muda, basi, na anauuza ghali.

Mfumo rasmi ni stakabadhi ghalani, ulioingia kwenye korosho mwaka 2007. Chama cha msingi kinakusanya, mzigo unapelekwa ghala kuu, inatolewa stakabadhi, chama kikuu kinaitisha mnada, na wakulima ndio wenye kauli ya kuuza au kukataa. Huku Tandahimba na Newala chama kikuu ni TANECU. Uzuri wake kwa jicho la mtu wa bohari ni kwamba mzigo unauzwa ukiwa umeshapimwa na unajulikana uliko. Wengi bado wanaukumbuka msimu wa 2018. Bei za mnada zilikataliwa, Rais Magufuli akatangaza serikali itanunua kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na malori ya jeshi yakaja kubeba. Malori yalikuwepo, wanaume wa kupakia walikuwepo. Mnunuzi wa mwisho ndiye aliyekosekana, na korosho nyingi ikavuka mwaka ikiwa ghalani.

Nilipata nafasi kwenye Fuso lililokuwa likishusha mzigo Mtwara. Dereva mtu wa Newala, utingo wake kijana asiyenyamaza. Vumbi lilitufuata hadi tulipoikuta lami ya Mnivata, kisha Naliendele, kilipo kituo cha utafiti wa korosho, na muda si mrefu tuko mjini. Halafu tukaingia foleni ya ghala. Pale tulikaa kuliko tulivyokaa barabarani! Mzani ulikuwa mmoja. Unaweza kuongeza malori kumi Tandahimba, mzani mmoja utayapitisha kwa mwendo wake ule ule, na utakachokuwa umeongeza ni urefu wa foleni.

Kesho yake nilikwenda upande wa bandari. Gati la zamani lilijengwa kwa ajili ya karanga. Waingereza walianzisha mradi mkubwa wa karanga mwaka 1947, Nachingwea ikiwemo, wakajenga na reli ya kuzishusha pwani. Mwaka 1951 mradi ukavunjwa, na reli ikaja kufungwa 1962. Walinunua matrekta na kuchora bandari kabla ya kujua ardhi itazaa nini. Siku hizi kando yake lipo gati jipya la mita 300, linalopakia pia makaa ya mawe kutoka Ruvuma, na ndiyo sababu ya mipango ya kuhamishia shehena chafu bandari ya Kisiwa Mgao. Hakuna anayetaka vumbi la makaa karibu na chakula.

Wakala mmoja wa meli alinieleza kinachomnyima usingizi: makontena matupu. Kontena la futi 20 humeza karibu magunia 200. Dar makontena yanapatikana kwa kuwa bidhaa za nje zinaingia humo kila siku, yakishatolewa mzigo yanabaki pale pale. Mtwara inapeleka nje kuliko inavyopokea, kwa hiyo lazima mtu alipie kuleta masanduku ya hewa ili yajazwe korosho. Yakichelewa, hasara haiishii kwenye kodi ya ghala. Korosho yetu inavunwa kuanzia Oktoba, wakati viwanda vya India na Vietnam vimeishiwa, kwa maana mavuno ya India na Afrika Magharibi huanza kama Februari. Hiyo nafasi ndiyo inayotupa bei. Wiki tatu za kusubiri kontena mwezi Desemba zinakatwa kwenye nafasi hiyo, na haziongezwi mwishoni.

Jioni nilimkuta dereva wangu nje ya duka la vifaa vya ujenzi, anapatana na mwenye duka kupandisha saruji Newala. Mwenye duka alitaja nauli ambayo ilikuwa kama nusu ya tuliyoshukia.

"Kaka, mbona unamkubalia?" nilimuuliza.

"Gari linapanda hata akikataa," alisema. "Mafuta ya kwenda nimeshalipiwa na korosho. Huyu ananilipia ya kurudi." Akamwambia utingo afungue bodi, wakaanza kupakia.